Kasongo: Mzozo wa mpira na plastiki chini ya Hilux Surf moja

Hapa Kasongo gari husikika kabla ya kuonekana. Mtoto anayeuza karanga kando ya barabara ya Kindu anaweza kukuambia ni gari la nani linakuja, na fundi aliyekaa chini ya mwembe wake anaweza kukuambia lina ugonjwa gani. Ko-ko-ko ya haraka kwenye mawe madogo ni vile vifimbo vya kulisawazisha. Mlio wa mlango mkavu ni silambloki iliyochoka. Lakini kuna kishindo kimoja kizito, "gu!", kinachokuja shoferi anapokanyaga breki au anaposhuka shimoni. Hicho fundi hakicheki. Hicho ni mkono wa chini unaocheza mahali pake, au rotili inayotafuta njia ya kutoka.

Mwezi wa sita, mvua zilipokwisha na malori yakaanza tena kupita, Hilux Surf moja ya kijivu iliingia garaji ya mtaani ikiwa na kishindo hicho. Mwenyewe ni mfanyabiashara wa mchele na mafuta ya mawese, mtu wa miaka 40 hivi. Surf hiyo aliinunua Bukavu ikiwa imeshatumika, usukani upande wa kulia, na tangu hapo ndiyo duka lake, ndiyo shamba lake. Inapeleka mizigo na abiria Kindu, inarudi na vitambaa, sabuni na mikoba ya dawa. Usiku, mama akishikwa na uchungu kijijini na pikipiki haiwezi kumbeba, watu hugonga mlango wa nyumba hiyo hiyo. Hajawahi kukataa. Kwa hiyo ugonjwa wa gari lake si habari ya mtu mmoja.

Safari hii hakuja mikono mitupu. Zamu yake ya likelemba ilikuwa imefika, na binamu yake aliyeko Dubai alikuwa amemtumia sanduku. Ndani yake kulikuwa na silambloki nyekundu za poliyurethani za mikono ya chini na za fimbo za nyuma, nyingine ndogo za bari ya kusawazisha na za sanduku la usukani, pamoja na picha ya mikono ya juu yenye viungo vya chuma kitupu, vile vinavyofungwa kwenye magari ya mashindano. Vitu hivyo vya chuma vilikuwa bado dukani, vinangoja pesa.

"Mzee fundi," akasema, "hizi ndizo za gari za spoti. Zikiingia hazitoki tena."

Fundi akaigeuza moja mkononi, akaibonyeza kwa kucha. "Ndugu yangu, ni kweli, zenyewe hazitatoka. Kitakachotoka ni chuma kinachozishika."

Ubishi ukaanzia hapo, ukachukua karibu siku mbili. Unastahili kuelezwa vizuri kwa sababu wenye magari wengi wa Kasongo, Kabambare na hata wale wa Salamabila wenye pesa ya dhahabu wanauziwa vitu hivi hivi kwa maneno hayo hayo.

Chini ya gari kama Surf, kila gurudumu la mbele linashikwa na mikono miwili, wa juu na wa chini. Upande wa ndani, mkono umefungwa kwenye chesi kwa silambloki, ambayo mafundi wa Dar es Salaam na Nairobi huiita bushi. Upande wa nje, mkono unashika gurudumu kwa rotili. Rotili ni kama nyonga ya mtu: kichwa cha duara ndani ya kikombe chenye girisi, kimefunikwa na kofia ya mpira ili vumbi na maji visiingie. Silambloki ni kitu kingine kabisa. Ni bomba dogo la chuma ndani ya bomba kubwa la chuma, na kati yake mpira uliogandishwa kwa moto ukashikana na chuma pande zote mbili. Mkono unapopanda na kushuka, bomba la ndani halizunguki. Mpira wenyewe ndio unaojinyonga, kisha unarudi. Ndiyo maana mpira mzima haulii na hautaki girisi.

Poliyurethani haifanyi hivyo. Ni plastiki ngumu inayokaa kwenye bomba bila kushikana nalo, na mkono ukitembea, bomba linazunguka ndani ya plastiki. Inafaa sana kwenye lami. Gari la spoti likiingia kona kwa mwendo mkali, mpira laini huliwa upande na gurudumu hugeuka kidogo bila shoferi kutaka, na plastiki hii hulizuia gurudumu lisigeuke hivyo. Usukani unakuwa mkali, breki haivuti upande. Hayo yote ni kweli, na binamu wa Dubai hakudanganya.

Lakini plastiki inayozunguka kwenye chuma inataka girisi yake, ile ya silikoni, na inataka usafi. Vumbi jekundu la kiangazi la Maniema likiingia pale linageuka kuwa msasa. Halafu ugumu wake una bei. Nguvu ambayo mpira ulikuwa unaimeza, plastiki inaipitisha moja kwa moja kwenye chesi. Kwenye lami nguvu hiyo ni ndogo. Barabarani kati ya Kasongo na Kindu, zaidi ya kilomita 200 za mashimo, mizizi na madaraja ya magogo, nguvu hiyo inagonga masikio ya chesi siku nzima, na Surf za umri ule zina kutu pale pale masikio yalipochomelewa.

Kwa fimbo za nyuma mambo ni mabaya zaidi, na hapa fundi hakukubali hata kujadili. Ekseli ya nyuma ya Surf ni kipande kimoja. Gurudumu moja likipanda gogo na jingine likishuka shimoni, ekseli inalala upande, na fimbo zinazoishika lazima zijipinde kama kiwiko. Mpira unakubali kupinda kila upande. Plastiki inakubali kuzunguka tu. Ukiilazimisha, ama inapasuka, ama inang'oa mahali iliposhikwa.

Mwenye gari hakunyamaza. Alikuwa na jibu, na si jibu la kijinga. Safari Rally ya Kenya, alisema, haikimbizwi kwenye lami. Tangu 1953 magari yanapita kwenye mawe na matope, na yanayoshinda ni ya spoti: Datsun 240Z mwaka 1971 na 1973, Toyota Celica mwaka 1984, 1985 na 1986 na tena miaka ya 1990. Kama viungo vya chuma vinavumilia Safari, vitashindwaje na barabara ya Kindu?

Vijana wa garaji walitikisa kichwa, wakaona patroni ameshinda. Fundi akawauliza swali moja: Celica ile ilifunguliwa mara ngapi kabla ya kufika mwisho? Gari la mashindano lina kundi la mafundi wanaolisubiri njiani na akiba ya mikono, rotili na amortisa. Wakati wa Celica hizo, timu kubwa za Safari zilikuwa hata na helikopta juu zikifuata gari. Kiungo cha chuma kitupu hakina kofia ya mpira. Kinawekwa kwa sababu ni chepesi, kinaenda sawasawa, na kinabadilishwa upesi, wala hakuna anayetegemea kitadumu. Surf ya Kasongo inafunguliwa inapoharibika, na ikiharibika kwenye pori kati ya vijiji viwili, helikopta yake ni motari mmoja atakayepita jioni.

Hapo ndipo fundi alipoacha maneno akachukua kriki. Aliiweka chini ya mkono wa chini, akanyanyua mpaka tairi likaacha ardhi kwa kiganja kimoja, akapitisha chuma kirefu chini ya tairi. Akamwambia mwenye gari ashike kwa vidole pale rotili inapokutana na mkono. Kijana akainua chuma taratibu, akashusha. Kichwa cha rotili kilitembea ndani ya kikombe chake, unene wa ukucha mzima. Rotili ikiwa nzima, vidole havisikii kitu. Kofia yake ilikuwa imepasuka, na badala ya girisi ilitoka tope la rangi ya kahawia.

Hatari ya jambo hili kwenye Surf ya kizazi kile, iliyotengenezwa kuanzia katikati ya miaka ya 1990 hadi 2002, wengi hawaijui. Kwenye magari mengine uzito wa gari unakikandamiza kichwa cha rotili ya chini ndani ya kikombe chake. Rotili ikichakaa, inapiga kelele, inachosha usukani, lakini inabaki pale. Kwenye Surf uzito unavuta. Kila sekunde gari linasimama, linajaribu kukichomoa kichwa kutoka kikombe chake. Kikombe kikilika vya kutosha, kinaachia kwa mara moja. Gurudumu linalala chini ya bawa, linakata bomba la breki, linavunja kardani ya upande ule, na gari linakaa kwa pua. Ikitokea kwa mwendo wa miguu sokoni, watu watacheka. Kwenye daraja la magogo mawili, na abiria 9 ndani, hakuna wa kucheka.

Hili si jambo la Kongo peke yake. Mwaka 2005 Toyota iliita zaidi ya magari 700,000 huko Marekani, yakiwamo ya aina ya ndugu wa Surf hii, wanayoiita kule 4Runner, kwa ajili ya rotili za mbele zilizoweza kulegea na kuachia. Gari linaloitwa Marekani linarudi kwenye duka lililoliuza. Lililopitia bandarini Dar es Salaam likiwa na miaka 12 halina duka la kurudia.

Mwenye gari alikaa kwenye jiwe muda mrefu. Pesa ya likelemba ilitosha mikono ya juu ya chuma, au rotili nne mpya za kweli na silambloki za mpira. Haikutosha yote mawili. Tena alikuwa ameshajitangaza mtaani kwamba gari lake litakuwa la spoti, na hilo nalo lina uzito wake, tusidanganyane. Kilichomgeuza, kwa maneno yake mwenyewe, ni kuhesabu watu aliowabeba usiku mwezi uliopita na rotili ile chini yao.

Sehemu ziliagizwa Bukavu. Ushauri wa fundi kwa rotili ulikuwa mmoja: chapa ya kweli au usinunue. Za Japani kama 555 zinaigwa sana, sanduku zuri na herufi sawa, lakini ndani kichwa kinazunguka kwa kidole kimoja kama kijiti kwenye uji. Rotili mpya ya kweli ni ngumu kuizungusha kwa mkono. Na kofia yake ikae vizuri, bila mkunjo, kwa sababu kofia ikichanika siku ya kwanza, jina la kiwanda halisaidii kitu.

Kuhusu vile vipande vya mpira vinavyokatwa kwenye tairi la lori na kusukumwa mahali pa silambloki, fundi anavijua, amevikata mwenyewe miaka ya vita barabara zilipofungwa. Vinakufikisha nyumbani. Haviwezi kujinyonga na kurudi kwa sababu havikushikana na chuma, kwa hiyo vinasagika tu, na mkono unaanza kutembea mbele na nyuma kila unapofunga breki.

Kazi yenyewe ilichukua siku tatu, na nusu ya muda huo ilikwenda kwenye buloni mbili. Mkono wa chini wa Surf unafungwa kwa buloni zenye kisahani cha mfano wa yai. Ukizizungusha, zinausogeza mkono ndani au nje, na hivyo ndivyo gurudumu linavyonyooshwa. Miaka ya maji ilikuwa imezigandisha ndani ya bomba la silambloki. Kabla ya kugusa ufunguo, fundi alipiga alama kwa patasi pale kila yai lilipokuwa limeelekea. Kasongo hakuna mashine ya kunyoosha magurudumu. Asiyepiga alama anafunga kwa kubahatisha, na tairi jipya linalika upande mmoja kabla ya kurudi Kindu mara mbili. Buloni moja ilikubali kwa moto na nyundo. Nyingine ilikatwa kwa msumeno, mwanzo mpaka mwisho, kwa zamu za vijana watatu.

Silambloki za zamani zilitolewa kwa buloni ndefu, nati na kipande cha bomba, kwa kuwa presi hakuna. Wengine huzichoma moto. Inafanya kazi, ila moshi wake ni sumu na unamfuata fundi mpaka kitandani. Mpya zililala usiku mzima kwenye friji ya mama muuza samaki, ili chuma kinywee kidogo. Asubuhi ziliingia bila kupigwa sana. Mama yule alilipwa kwa safari moja ya bure ya magunia yake, jambo lililozua ubishi mwingine mdogo usiohusu magari.

Kisha likaja jambo ambalo, kati ya yote, ndilo linaloua silambloki nyingi mpya katika garaji zetu. Vijana walikuwa wameshapanga kukaza kila kitu gari likiwa juu ya magogo, magurudumu yananing'inia. Ndivyo inavyofanywa karibu kila mahali, kwa sababu chini ya gari lililonyanyuliwa kuna nafasi. Fundi aliwazuia. Silambloki ya mpira hujinyonga kutoka pale ilipokazwa. Ukiikaza mkono ukiwa umening'inia, gari likishuka chini mpira tayari umeshanyongwa hadi karibu na mwisho, hata kabla ya shimo la kwanza. Unatembea na gari lenye mpira unaolia maumivu muda wote, na baada ya miezi michache unachanika, kisha mtu analaumu chapa.

Kwa hiyo buloni zilifungwa kwa mkono tu, gari likashushwa, likasukumwa mbele na nyuma lijikalie. Kwa kuwa Surf hii haitembei tupu hata siku moja, magunia 5 ya mchele yaliwekwa nyuma na vijana wawili wakakaa kitini. Ndipo fundi akajiingiza chini kwa mgongo, juu ya gunia kuukuu, akakaza kwa ufunguo mrefu hali gari limebeba mzigo wake wa kawaida. Buloni nne za rotili ya chini, kila upande, ziliwekwa mpya. Za zamani zilionekana nzima, lakini zilitupwa hata hivyo.

Magurudumu yalinyooshwa kwa uzi, kutoka tairi la nyuma hadi la mbele, pande zote mbili, mpaka nafasi ikalingana. Si kazi ya mashine, ila gari lilitembea limenyooka kwenye uwanja na mikono ikiwa haijashika usukani.

Na zile silambloki nyekundu za Dubai? Hazikutupwa zote. Zile ndogo za sanduku la usukani na za bari ya kusawazisha ziliingia, na fundi mwenyewe ndiye aliyezichagua. Pale hakuna kupinda kwingi. Kuna kushika tu, na sanduku la usukani la Surf likishikwa na mpira uliolegea, usukani huchelewa kumsikia shoferi. Plastiki ngumu inafaa hapo hata kwa barabara yetu, mradi ipakwe girisi yake. Mwenye gari alifurahi. Angalau kuna wekundu kidogo unaoonekana ukiinama.

Wamotari waliokuwa wakitazama kazi hiyo walicheka kwamba mambo haya ni ya wenye magurudumu manne. Si kweli. Mkono wa nyuma wa pikipiki nao umeshikwa na bushi mbili, na pikipiki ya hapa inabeba magunia ambayo kiwanda hakikuyaota. Shika gurudumu la nyuma, livute kushoto na kulia: likicheza kwenye mkono na si kwenye beringi, bushi zimekwisha, na ule mtikisiko wa mkia mnaousingizia matope hautoki kwenye matope. Wawili walijaribu pale pale. Mmoja alinyamaza.

Surf iliondoka Kasongo siku ya Jumanne alfajiri na mzigo wa mawese, ikavuka Lualaba pale Alunguli, ikarudi wiki iliyofuata. Kishindo kimekwisha. Kwenye mchanga usukani ni mzito kidogo kuliko zamani, na bari ya kusawazisha imeanza kulia asubuhi hadi ipate girisi. Fundi alirudisha kriki chini ya mkono, akainua tairi kwa chuma kirefu, akashika kwa vidole. Rotili haikutembea. Silambloki za fimbo za nyuma na za mikono zimebaki kwenye sanduku lao juu ya rafu ya duka, na mtu mmoja wa Salamabila mwenye Surf kama hiyo ameshauliza bei. Mwenye duka amemwambia kwanza aende kwa mzee fundi, na kriki.